Hatua za Lori

Shoga, leo nimeumbuka. Tumetoka kwa daktari sasa hivi, nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje.

Unazijua zile hesabu za hatua za simu Baba Mapacha anazonitumia kila siku akiwa safarini? Elfu kumi na mbili, elfu kumi na tano! Nilivyokutambia kwamba dereva wangu wa lori anatembea kuliko mwanajeshi!

Daktari kapima presha mara tatu, haishuki. Sukari nayo iko juu. Nikamrukia: "Haiwezekani! Huyu anatembea hatua elfu kumi na tano kwa siku." Nikamwonyesha na simu.

Akamgeukia mume wangu. "Ukiendesha, simu unaiweka wapi?"

"Pale kwenye gia, daktari."

Daktari kacheka mpaka kavua miwani. "Mama, lori ndilo lililotembea. Likitikisika, simu inahesabu."

Lori ndilo lililotembea! Miezi minane!

Nikamuuliza mwenyewe, "Ulijua?"

Kainamisha kichwa. "Nilijua. Barabara ikiwa mbovu hatua zinazidi. Lakini ulikuwa unafurahi, mama."

Nilikuwa nafurahi.

Kasainiwa cheti cha afya cha udereva kwa shingo upande, cha miezi mitatu tu; ikiisha awe amepungua uzito. Apungue vipi, shoga? Anakaa kwenye usukani saa kumi na mbili kwa siku, akishuka ni kula na kulala.

Nimemwambia atembee hadi getini na kurudi. Namwona kutoka hapa. Kafika nusu, kaketi kwenye ukingo wa maua, anahema.

Jumatatu anapakia tena.