Mwisho wa "Nyota ya Halvard" Ulivyochimbwa Chini ya Mtufaha Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Edmonton kaskazini, Alberta
14 Juni 2025, saa 8:10 mchana

Jina: Norma Hrycak. Umri: miaka 71. Kazi: karani wa shule, mstaafu. Makazi: Edmonton, nyumba yenye kibanda cha buluu uani.

Mimi ni mjane. Mume wangu, Orest, alifariki Februari mwaka jana. Majivu yake niliyazika ndani ya kisanduku cha shaba, chini ya mtufaha nyuma ya nyumba, kama alivyotaka.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, siku ya Jumamosi, saa 2:30 asubuhi, nilikwenda ukumbi wa kanisa, ambako sisi wanawake hukutana kukunja pirogi, vile vibunda vya unga vyenye viazi ndani. Unga uliisha mapema, nikarudi saa 4:20. Nilikuta watu wawili uani kwangu: mwanamume mwenye ndevu na sepetu, na mwanamke aliyeshika simu akirusha picha moja kwa moja mtandaoni. Sasa najua ni Garrett Lindholm na Shayla Doucet. Lango nililiacha limefungwa. Wala si watoto. Huyo Lindholm ana miaka thelathini na minne.

Niliuliza, "Mnachimba nini hapa?"

Lindholm akajibu, "Mama, usiogope. Tunatafuta mwisho wa kweli."

Akanieleza bila kuulizwa. "Nyota ya Halvard" ni mchezo wa video wa sehemu tano, naye ameucheza miaka kumi na moja. Mwishoni kabisa shujaa anakaa chini ya mtufaha kando ya kibanda cha buluu, skrini inakuwa nyeusi, basi. Mashabiki walikasirika, wakawaandikia watengenezaji matusi, kisha wakajiaminisha kwamba mwisho ule ni wa kuzuga na wa kweli umefichwa mahali halisi duniani. Walipekua picha za mitaa ya mji huu mzima, mchezo ulikotengenezwa, mpaka wakaona kibanda changu. Mimi nikichukia mwisho wa kitabu, nakifunga naenda kupika.

"Ulitaka aishie wapi? Harusini?" nilimuuliza.

"Hata harusi ingekuwa afadhali! Miaka kumi na moja, mama, halafu anakaa tu!"

Hapo nikakiona kisanduku. Kilikuwa wazi, kimemwagwa juu ya turubai, na Lindholm alikuwa ameanza kuchambua majivu kwa vidole akitafuta ufunguo wa huo mwisho wa kweli.

Nilisema, "Huyo ni mume wangu."

Walitazamana wakacheka kwa furaha. Doucet akaiambia simu yake, "Mmesikia? Bibi yumo! Bibi yumo kwenye mchezo!" Lindholm akapiga goti mbele yangu na kuuliza, "Tuseme neno gani ili utupe ufunguo?"

Niliwaambia watoke. Doucet akamnong'oneza, "Mjibu vizuri, ukikosea tunaanza upya."

Nililia. Sioni aibu kulisema. Wakapiga makofi, na Doucet akasema, "Huyu anaigiza, jamani, acha kabisa."

Nilipiga magoti nikaanza kumzoa Orest kwa kikombe changu cha kupimia unga. Wakanizunguka kunipiga picha, wakikanyaga turubai. Lindholm alipogeuza kifuniko akasoma jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, ndipo akili ilipomrudia. Alisema, "Zima simu, Shayla." Doucet hakuizima. Alisema watazamaji wamefika elfu tisa.

Jirani aliita polisi saa 4:50. Lindholm alilia sana, akaniomba radhi, akasema nimwelewe, mwisho ule ulimvunja moyo. Mtu mzima, kuvunjwa moyo na skrini! Nikamwambia atoke kwenye turubai.

Cheti cha waliomchoma mume wangu kinasema gramu 2,700. Leo afisa amepima mbele yangu, bila kisanduku: gramu 2,610. Upepo haukuwepo, na turubai nililikung'uta mwenyewe. Sitaki fidia, wala radhi zao sizitaki. Gramu tisini za Orest zimo kwenye nyayo zao, na wamekuja nazo mpaka hapa kituoni. Nataka viatu vyao.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, hakuna la kuongeza.

Sahihi: N. Hrycak

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, akakubali na kutia sahihi mbele yangu. Jozi mbili za viatu zimechukuliwa. Watuhumiwa wamebaki na soksi. Shahidi ameomba brashi laini na karatasi nyeupe. Amepewa, na hajainuka mezani tangu saa 9:00.

Konstebo R. Sandhu