Vibao vya Milango ya Jengo Jipya

Karakana ya Vyerehani,
Nyumba Na. 31, mlango wa nyuma.
Jumapili, 9 Februari.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Magoti yanasemaje siku hizi? Mara ya mwisho uliandika kwamba ngazi za huko kwenu zinakutoa jasho, na mkazamjomba anakucheka kwa kupumzika kila zinapokata kona. Natumaini mmeshapata ile nyumba ya chini mliyokuwa mkiiulizia. Sisi huku wazima. Mama, dada yako, presha imetulia na ulimi umerudia makali yake, kwa hiyo ujue amepona. Mume wangu anakusalimu. Amenisimamia hapa begani nisisahau kuandika hivyo.

Sasa keti vizuri, maana leo naringa.

Unaikumbuka ile mashine ya kuchonga niliyoiunga mwenyewe mwaka juzi, inayoongozwa na kompyuta? Uliniandikia kwamba ule ni mdoli wa watu wazima, na mtu aliyefundishwa na wewe kutengeneza vyerehani hana haja nao. Sikujibu, kwa sababu wakati ule ulikuwa na haki. Kazi yake ilikuwa kuchonga maua ya ajabuajabu na kula mbao. Mume wangu aliipa jina la Bibi Harusi, kwa jinsi inavyochukua muda kujiandaa huku watu wote wakingoja.

Basi mwezi wa Novemba akaja wifi yangu, yule mwalimu wa shule ya wasioona. Shule yao imejengewa jengo jipya, korido moja ndefu yenye milango ishirini na miwili, yote sawasawa ukiishika. Wifi mwenyewe haoni tangu utotoni. Alisema kwenye jengo la zamani kila mtu alijua njia kwa nyufa za ukuta na harufu ya jiko, lakini humu hata yeye aliingia chumba cha mafagio akidhani ni darasa, akayaamkia. Alitaka vibao vya nukta nundu, kila mlango na jina lake. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaamua kuandika namba kwa rangi.

"Rangi asome nani?" wifi akaniuliza.

Kumbe alikuwa amekwisha kumwahidi mwalimu mkuu kwa jina langu, kwamba vibao vitakuwa tayari siku ya kufungua shule. Mimi ndiyo kwanza nasikia.

Kazi yenyewe inaelezeka kirahisi. Mashine inatoboa vitundu kwenye kibao cha plastiki ngumu, mimi nabana kishanga katika kila kitundu, na kichwa cha kishanga ndicho kinachosomwa na kidole. Ila nafasi kati ya nukta na nukta ni milimita mbili na nusu tu. Nukta ikihama, herufi inageuka nyingine, au haiwi herufi kabisa.

Kibao cha kwanza kilikuwa "Maktaba". Nilibana vishanga vyote, nikakifuta, nikampelekea wifi kifua mbele. Akapitisha kidole. Akarudia. Akaniuliza kwa upole, "Wifi, hiki umekiandika kwa lugha gani?"

Cha pili kikawa hivyohivyo, na cha tatu. Ndipo nikaweka alama ya kalamu pale mashine inapoanzia, nikaiamuru irudi hapo baada ya kazi. Ilisimama kando ya alama, karibu milimita tatu. Bibi Harusi alikuwa amepotea, na baya zaidi hakujua: kompyuta ilionyesha sifuri, yaani imefika nyumbani salama.

Nilitafuta kwa wiki tatu, Mjomba. Nilidhani plastiki inailemea, nikaiendesha hewani bila kugusa kitu. Ikapotea vilevile. Nikapunguza mwendo, ikapotea kidogo, lakini ikapotea. Nikakaza mkanda hadi ukawa unalia ukiguswa. Kosa lilikuwa upande mmoja tu, kushoto na kulia. Mbele na nyuma haikukosea hata siku moja. Kwa hiyo nikabadilishana waya za mota mbili, nione kama ugonjwa utahamia upande wa pili. Haukuhama. Hapo angalau nikaacha kuitukana kompyuta, nikajua kosa liko kwenye vyuma.

Lakini vyuma gani? Kila nilichokishika kilikuwa kimekaza. Zikabaki siku tisa. Mwalimu mkuu akapita karakana, akaona kikapu cha vibao vilivyoharibika, akasema taratibu kwamba nisijisumbue, fundi wa rangi anaye. Alikuwa mpole kabisa, na upole wake ndio ulioniumiza. Alipoondoka niliketi juu ya kasha la nyuzi nikalia.

Wifi alinikuta hivyo. Hakunibembeleza. Aliomba kikapu, akaketi, akaanza kusoma vile vibao vibovu kimoja baada ya kingine, kama mtu anayesoma magazeti ya wiki nzima. Nilimwachia tu, nikaenda kupika chai. Niliporudi alikuwa amekwisha kuvipanga mezani.

"Mstari wa juu ni mzima kwenye vyote," akasema. "Wa kati umeegemea kulia. Wa chini umeegemea kulia zaidi. Na hakuna hata kimoja kilichoegemea kushoto. Mashine yako inafanya nini ikimaliza mstari?"

"Inarudi mbio kushoto kuanza mwingine."

"Basi hairudi yote."

Mjomba, nililiweka birika chini. Macho yangu yalikuwa yamevitazama vibao vile wiki tatu, yakaona uharibifu mtupu. Vidole vyake viliona mpangilio. Kulikuwa na kitu kinachoshikilia mashine ikienda polepole, kisha kinaachia ikikimbia.

Nikachukua kalamu nyembamba, nikachora mstari mmoja ukipita juu ya shafti, ule mhimili wa mota, na juu ya kile kigurudumu cha meno kinachovuta mkanda. Nikaendesha kibao kizima. Nilipozima, mstari mmoja ulikuwa mistari miwili. Shafti ilikuwa imezungukia ndani ya kigurudumu.

Sababu ni skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Shafti ile ina upande mmoja bapa, na skrubu inatakiwa ikae hapo. Hii ilikuwa imekazwa kwenye mviringo, imekaza kiasi cha kumdanganya mtu. Na nani aliyeikaza? Mimi. Mimi ninayewagombeza mafundi cherehani kila wiki kwa kukaza vibaya skrubu ya gurudumu la mkono. Cheka, Mjomba, nimekuruhusu.

Niligeuza shafti, nikaiketisha skrubu kwenye ubapa, nikaitia tone la gundi. Niliiendesha mara kumi, kwa kasi yote, na mara zote kumi ncha ilishuka katikati ya alama ya kalamu. Nilipiga kelele, mume wangu akatoka bafuni mbio na povu kichwani akidhani nimekatika kidole.

Vibao vyote viliisha kwa siku nne. Wifi alivisoma kimoja kimoja, na hakurudisha hata kimoja. Siku ya Alhamisi mwalimu mkuu alikuja kuvichukua. Alifumba macho, akapitisha kidole kwenye "Maktaba", akasema haelewi kitu ila anaomba radhi. Kisha akaninong'oneza kwamba chumba kimoja kimebadilishwa kazi, nikichongee kibao kingine, na wifi asijue.

Jumatatu nilifunga karakana nikaenda. Laiti ungekuwepo. Korido nzima ilikuwa imejaa watoto wakisoma milango kwa sauti, wakibishana nani kafika chooni kwanza, na hakuna aliyeshikwa mkono. Wifi alikuja nyuma yao akikagua, kibao hadi kibao, mpaka cha mwisho. Hapo akasimama.

"Wifi, mashine imepotea tena," akasema. "Hapa ni chumba cha ramani."

"Haijapotea," mwalimu mkuu akamjibu. "Soma tena."

Kilisomeka "Mwalimu wa Taaluma". Miaka sita amekuwa akiifanya kazi hiyo kwa kukaimu, kwenye kona ya meza ya watu. Alikisoma tena, safari hii kwa mikono miwili, taratibu. Alifungua mlango akaingia, nasi tukamsikia akivuta kiti.

Nisalimie mkazamjomba, na binamu daktari wa meno na wanawe. Mama anasema umwandikie yeye pia, asisomewe barua za watu. Mungu awajalie afya na riziki njema na atukutanishe tungali tunacheka.

Ni mimi mpwa wako, na mwanafunzi wako, ninayekupenda daima,

Fundi wa mlango wa nyuma.