Kigoda cha Mjomba

Mjomba,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mama anakusalimu sana, na kitinda mimba wangu ameota meno mawili. Anamng'ata kila anayembeba.

Wiki hii bomba kubwa la maji lilipasuka. Siku mbili tulitafuta koki ya kulifungia, kwenye kompyuta haimo, na hospitali ikakaa bila tone. Wajawazito walihamishwa kwa machela, Mjomba.

Siku niliyokustaafisha pale idara ya maji uliniomba wiki moja tu, tuzunguke mji unionyeshe koki zote. Nikakujibu mbele ya mafundi kwamba kila kitu kimo kwenye kompyuta. Wakacheka, nami nikacheka.

Koki tumeipata jana, chini ya sakafu ya kibanda kipya kando ya soko, palepale ulipokuwa ukiweka kigoda chako. Miaka yote nilidhani unakaa pale kwa uvivu. Kumbe ulikuwa unazuia watu wasijenge!

Tangu jana nazunguka mjini nikiuliza watu: yule mzee wa maji alikuwa akikaa wapi kwingine? Kukuuliza mwenyewe naona aibu.

Ni mimi mpwa wako, uliyenifundisha kushika spana.