Ovidio, Sisi Bado Hatujasema Asante

Ovidio wangu, mwaka umetimia tangu ulipotuacha Jumapili ile ya Agosti, hapa hapa Rosario. Mimi si mtu wa kalamu, maisha yangu ni nyundo na mabehewa ya reli. Lakini hili naandika mwenyewe.

Ulikuwa mwokaji. Mtaa mzima ulikula mkono wako, na hukumuuliza mteja analala na nani. Ulikuwa ukirudi na unga hadi kwenye nyusi. Nikikutania, "Leo umezeeka, we Ovidio," unanijibu, "Umenizeesha wewe, babu wa reli!"

Zamani, kwenye kumbi zetu za dansi, wanaume sisi tulijuana kwa majina ya utani tu. Jina la ukoo lilikuwa hatari, polisi wakivamia. Ugonjwa huu wa Ukimwi ulipoingia, hospitali wakawa hawakuonyeshi kitanda cha mtu bila jina kamili. Chola tulicheza naye miaka kumi. Tulipoanza kumfulia shuka ndipo tukajua kumbe ni Anselmo Ferreyra, mtoto wa mwalimu.

Kila Jumapili kibuyu cha yerba, majani yetu ya kunywa kwa maji ya moto, kilizunguka nyumbani kwetu, mrija mmoja, midomo yote. Na kwetu anayesema "asante" ndio amemaliza, zamu inamruka. Jumapili moja Chola alipokuja amekonda, ulimpa yeye kwanza. Akanywa. Baada yake kila uliyemnyooshea akasema, "Asante." Wa pili, "Asante." Wa tatu vivyo hivyo. Chola akainuka kutafuta koti lake.

"Kaa chini, shoga," ukamwambia. "Na ninyi, mnanishukuru nini na hata hamjanywa?"

Ukanyonya mrija ule ule, ukajaza tena, ukaniletea mimi. Leo nakiri mbele ya watu. Niliogopa mate, mimi niliyelala nawe miaka kumi na minne. Nikanywa. Mmoja akasema, "Haya, lete huku, yasipoe." Tangu siku hiyo katika duara letu hakuna aliyeugua peke yake. Nawe ukaanza kutia mipira ya kinga kwenye mifuko ya mikate, ukiwaambia vijana, "Hii hailiwi, mwanangu, inavaliwa."

Wakubwa wa serikali walikuwa na vikombe vyao. Waliandika "nimonia" kwenye vyeti vyetu, wakasema sisi hatupo. Dawa mpya zilipofika, zikangoja sahihi ya bwana mmoja aliyekuwa likizo. Wewe hukuweza kungoja. Hilo sijasamehe, wala nisiombwe.

Siku ya mwisho nilikuletea kibuyu kitandani. Ulivuta mara moja, ukanirudishia, ukasema, "Asante." Nikajua.

Karani wa gazeti hili aliniambia, "Mzee, tuandike rafiki." Nikamwambia, "Rafiki gani anafua shuka miaka miwili? Andika mgane." Akainamisha kichwa, akaandika.

Unakumbukwa na mgane wako, Lisandro Quiroga. Dada yako Elvira, aliyechelewa kuja lakini sasa hakosi Jumapili. Chola, ambaye dawa zilimuwahi, naye ndiye anayejaza kibuyu siku hizi. Na wote wa duara.

Kiti chako kipo, na zamu yako hairukwi. Wewe ulisema asante, Ovidio. Sisi bado, wala hatutasema.