Mpira Aliomrushia Mize

Angeline, weka chai chini usome. Jelagat amecheza leo! Yule binti wa Jemima wa mtaa wa Hodge Hill, aliyekosa shule mwaka mzima baada ya rafiki yake Mize kuanguka uwanjani na kufa.

Si watu wa ligi ya shule walikuwa wanamkataa, eti umri umepita? Sasa wamelegeza: anayerudia mwaka anaruhusiwa msimu mmoja zaidi. Jemima alipiga vigelegele.

Basi netiboli ikaanza, uwanja uleule. Jelagat akadaka mpira, akageuka, akaita, "Mize!" Akarusha.

Angeline, alirusha mahali hapana mtu! Mpira ukadunda ukatoka nje. Wenzake wapya wakabaki kuangaliana.

"Mize!" Aliliita jina kwa sauti kabisa, kama zamani.

Sasa sikia. Mpira ulikwenda kusimama miguuni pa nani? Mama Mize. Amejifunga buibui lake, yuko peke yake. Hakuna aliyejua angekuja.

Jelagat akaganda. Huyu ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, leo alisema kwa Kiswahili: "Nisamehe, Mama. Nilimwona. Alikuwa amenyoosha mikono."

Mama Mize akaokota mpira, akauliza tu, "Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka."

"Basi cheza, mwanangu. Na ukimwona tena, usimnyime."

Akamrudishia mpira. Jelagat amecheza mpaka mwisho huku analia. Na kila alipoudaka, Angeline, sisi sote tuliangalia pale pasipo na mtu.