Tarumbeta ya Asubuhi Kambini

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Tarumbeta imelia, nikaamka, nikawasha makala, makaa ya jikoni. Anayeipiga ni mume wangu, na mimi kama kambi nzima naamshwa naye. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwona amelala asubuhi.

Uji wa watoto. Kufua. Bomba halikutoa maji tena.

Jioni alikaa bila kuvua viatu. Nikauliza kuna nini. Ile sheria imefika kwetu: aliyekaa kwenye cheo kimoja muda mrefu apande, la sivyo atoke jeshini. Yeye ni ajida, cheo cha juu ya sajenti, tangu Chantal, binti yetu wa kwanza, ananyonya. Majina yatasomwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumatano, 4 Juni

Sikulala vizuri. Kwa mpiga tarumbeta cheo kinaishia hapo alipo. Akipanda, ataacha tarumbeta, apewe askari wa kuongoza, tena kule Mitwaba. Mitwaba ndiko alikopigwa risasi ya paja. Kidonda nilikiosha mimi.

Akitoka, tunahama nyumba ya kambi. Nyumba yetu ya Naviundu ina mabati tu, madirisha bado.

Naogopa yote mawili, lakini si sawasawa. Niandike wazi, maana hakuna anayesoma: naomba atoke. Mungu anisamehe.

Jumapili, 8 Juni

Misa. Wanawake wa kambi waliombea waume zao wapande. Niliinamisha kichwa, nikaomba langu.

Baadaye, nyumbani, mume wangu aliwaka. "Sheria gani ile ya kufukuza muntu juu ya kujua kazi yake?" Anasema jeshi litabaki na wapenda vyeo, na wapenda kazi wote watakuwa mitaani. Ana haki.

Sajenti Kalenga, msaidizi wake, alikuwepo. Huyu ana watoto wanne, na miaka yote ameachiwa tarumbeta ya jioni tu. Akamwita yaya, yaani kaka mkubwa, akasema polepole, "Yaya, weye ukibakia, miye nitapanda wapi?" Kalenga naye ana haki. Inaudhi.

Nikamkumbuka baba. Alikufa ndani ya sare, mzee, meno yamekwisha, analinda geti akiwa kitini, bunduki mapajani. Hakuna aliyemwambia: mzee, asante, rudi nyumbani. Kama sheria hii ingekuwepo wakati ule, ningekuwa nimemjua zaidi baba yangu. Kwake ingekuwa dawa. Kwa mume wangu ni kofi. Nilichoka kufikiri, nikaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Jumatano, 11 Juni

Nimepika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Sufuria kubwa. Kambini mtu akipandishwa, majirani wanakuja kunywa na kunyeshea galoni, zile alama za cheo begani: cheo kipya hakikai kikavu. Nisipotayarisha watasema namtakia mume wangu mabaya. Na ni kweli, namtakia. Nilikoroga huku nimejaa aibu.

Munkoyo wenyewe umetoka mzuri ajabu.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi nzima nilifagia ua uliokwisha kufagiwa.

Majina yamesomwa kwenye gwaride. Lake lilikuwa kati ya wanaotoka. Aliingia, akasema, "Mama Chantal, banamitosha." Wamemtoa. Nikaweka mikono kichwani, nikalia kama inavyotakiwa. Ndani yangu mzigo ulishuka wote kwa mara moja. Asante Mungu. Asante, asante.

Yeye, uso chini. Nilimwonea huruma, nikajichukia kidogo. Nikamwekea bukari, ugali wetu, na sombe. Akala yote. Akasogeza sahani niongeze. Nikaongeza. Akasogeza tena.

Mtu aliyevunjika moyo hawezi kula hivyo. Nilimtazama, akatazama ukuta. Midomo ikaanza kumcheza, na hakikuwa kilio. Nikaanza mimi kucheka. Akafuata yeye, mpaka bukari ikampalia. Kumbe Mitwaba alikuwa anaiogopa kuliko mimi, akaona aibu kuniambia. Na zile hasira za Jumapili? Za kweli, akasema. Kufukuzwa kunamuuma. Kutoka kunamfurahisha. Anavyo vyote viwili, nami nisimwambie achague.

Majirani walikuwa wamekwisha kufika kutupa pole. Mke wa Kalenga alisimama mlangoni, kitenge begani, hajui aingie na uso gani. "Mama Chantal, tulikuya kulia ao tulikuya kunywa?"

"Muingie kwanza," mume wangu akasema. "Munkoyo iko."

Sufuria ilikwisha. Tulinyeshea kutoka kwake, kisha galoni za Kalenga, ambaye amepanda na kurithi tarumbeta ya asubuhi. Kalenga alilia kuliko wote. Sijafurahi hivi tangu harusi yangu.

Jumamosi, 28 Juni

Tumehama. Vitanda, sufuria, kuku. Jana alirudisha tarumbeta. Kabla ya kuitoa aliipangusa mdomo kwa shati lake. Niligeuka, nisimwone.

Leo asubuhi, kabla hatujaondoka, Kalenga alikosea katikati ya wimbo. Mume wangu alikunja uso, akaendelea kufunga magunia.

Jumatatu, 7 Julai

Naviundu. Madirisha tumeziba kwa plastiki, baridi inaingia vilevile. Kama jeshi limefanya vizuri au vibaya, sijui bado. Wakubwa watajua, au hawatajua.

Leo niliamka mwenyewe. Kambi iko mbali, haisikiki hapa. Jua lilikuwa limeingia chumbani. Nilidhani amekwisha kutoka, nikageuka.

Alikuwa amelala. Mdomo wazi, mkono chini ya shavu. Kumbe analala hivyo.

Makala niliyaacha kwanza. Sikutaka kufanya kelele.