Kikombe Kilinipita

Jumatatu, 3 Machi

Grili za madirisha ya kanisa la mke wangu zinakaribia kuisha. Nimezifunga zote nikiwa nje, juu ya ngazi. Ndani siingii. Kanisa ni mteja kama mteja mwingine, nachomelea vyuma, narudi zangu Ruring'u.

Daktari amesema Ijumaa. Uvimbe wa shingoni mwa mke wangu Nyambura umeanza kubana koo, lazima apasuliwe. Yeye alipokea habari akiwa mtulivu. Mimi ndiye niliyemwaga chai.

Jumanne, 4 Machi

Nyambura ameomba kitu kimoja. Kabla ya Ijumaa anataka kushiriki Meza ya Bwana, ule mkate na kikombe. Hajawahi tangu nimwoe, na sababu ni mimi. Mahari nililipa, mbuzi nilipeleka, lakini ndoa yetu haikubarikiwa. Kwa kanisa lao, mwanamke kama huyo hubaki kwenye benchi wenzake wakienda mbele. Nikikubali tu ibarikiwe, yanaisha. Miaka yote nimekataa.

Nimekataa tena. Mama yangu alikuwa mke wa pili. Meza hiyo hiyo alinyimwa maisha yake yote, na siku tuliyomzika kule Endarasha, mchungaji wa wakati huo hakufika. Aliyeomba kaburini ni jirani. Mungu anayetuma watu wa aina hiyo, mimi naye hatuna mazungumzo.

Nyambura hakulia. Alisema, "Baba Wairimu, huyo mchungaji alikufa kitambo. Sasa unamnunia nani?"

Nikatoka kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na shida yoyote.

Jumatano, 5 Machi

Aibu. Mzee anayetunza kanisa amenipigia simu akicheka. Kwa kuwa nilifungia nje, nati zote ziko nje. Mwizi mwenye spana anafungua, anaingia, anatoka, hata jasho halimtoki. Fundi mzima mimi! Ukaidi umenipofusha.

Ikabidi niingie. Nilifanya kazi haraka kama ninayeiba. Mchungaji wao wa sasa, bado kijana, alikuja akanishikia ngazi. Hakuhubiri. Nilitamani ahubiri nipate sababu ya kumkasirikia. Aliuliza tu hali ya Nyambura, na mdomo wangu ukaropoka kila kitu, hadi habari ya mama.

Kisha akasema, "Mzee, hiyo haikuwa sawa. Pole sana."

Hakuna mtu wa kanisa aliyewahi kuniambia pole. Nilikasirika zaidi, sijui kwa nini. Nikamwambia aje kesho abariki hiyo ndoa, ila mimi asiniulize mambo ya kuokoka.

Chakula hakishuki.

Alhamisi, 6 Machi

Alikuja na wazee wawili wa kanisa. Binti yetu Wairimu alikuwa amefagia hadi nyuma ya kabati. Nyambura alijifunga kitambaa cheupe shingoni kuficha uvimbe. Nikaulizwa kama ninamkubali awe mke wangu. Ndiyo. Hapo hapakuwa na shida.

Kisha mkate na kikombe. Nilikuwa nimemkataza, lakini mchungaji aliniuliza hata hivyo, kwa upole, kama ninamwamini Yesu ili nami nishiriki. Ningesema ndiyo yaishe. Nyambura alikuwa akinitazama. Lakini kudanganya mbele ya mkate ule niliogopa. Ajabu, mtu asiyeongea na Mungu kuogopa kumdanganya. Nikatikisa kichwa.

Nyambura alikula, akanywa, machozi yakamtoka. Kikombe kikanipita kikaenda kwa Wairimu. Nilidhani ningejisikia mshindi. Nilimwona mama kwenye benchi lake. Yeye alifungiwa mlango na watu. Mimi naushikilia mwenyewe kwa ndani. Nilitaka kikombe kile, na hilo sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Wamemwingiza chumba cha upasuaji asubuhi. Niko kwenye korido. Mlango ukifunguka, nasimama. Muuguzi anapita, sithubutu kumuuliza. Naogopa. Naogopa sana.

Nilijaribu kuomba. Nikajikuta nabishana. Nilimwambia Mungu habari ya mama yote, tangu mwanzo, hadi Wairimu akanigeukia kwa kuona midomo yangu inacheza. Sikuomba msamaha. Sikuomba chochote. Lakini nilikuwa naongea naye, siwezi kukana.

Baadaye. Ametoka. Yuko hai. Nilikaa sakafuni pale pale, watu wakawa wananiruka.

Jumatano, 12 Machi

Nyumbani. Asubuhi mlima ulikuwa wazi, sasa mawingu. Daktari amemkataza Nyambura kuongea kwa sasa, hata kunong'ona.

Wairimu aliponda viazi na minji, laini kabisa, ili mama yake aweze kumeza. Tukakaa mezani. Nikachukua kijiko. Nyambura hakuchukua chake. Alifumba macho, akangoja.

Yeye ndiye huombea chakula, kila siku, mimi nikiwa nimeshaanza kutafuna. Wairimu alifungua mdomo aombe. Mama yake akamgusa mkono, naye akanyamaza.

Chakula kikawa kinapoa. Nilikasirika. Nilimtazama Nyambura na bandeji yake, macho bado kayafumba, hana haraka. Hasira ikaisha, sijui ilikwenda wapi. Nikaweka kijiko chini, nikafumba macho.

"Baba," nikasema. Sauti ikakwama. Nikaanza tena.